Stoo Namba Mbili

"Toa kitanda, Dada," alisema Mama Mapacha bila hata kumtazama usoni. "Kwa masaa mawili tu. Mkaguzi akishaondoka unakirudisha."

Dada alikuwa ameshika sufuria ya maziwa. Aliitua jikoni taratibu, maana angeitua kwa namna alivyotaka kuitua, maziwa yangefika darini.

"Nikitoe nikipeleke wapi?"

"Uani, nyuma ya kamba za nguo. Tutakifunika shuka. Halafu uingize humo ndoo, mifagio, yale makopo ya rangi yaliyobaki, na ngazi ya fundi. Ionekane stoo."

"Ionekane stoo."

"Si ndivyo ilivyoandikwa kwenye ramani? Basi."

"Na mkaguzi akiniuliza mimi ninalala wapi?"

"Mwambie unakuja asubuhi unaondoka jioni. Nani atakufuata nyuma kuhakikisha?" Mama Mapacha alikuwa anapangusa meza ambayo Dada alikwisha kuipangusa. "Na tafadhali, Dada, uso huo leo uuweke kando. Leo si siku yake."

Uso upi? Hebu tuanze na huo uso, maana ulikuwa wa mtu aliyetoka kwenye joto la chumba kisicho na tundu hata la kupitisha kidole, akajimwagia maji kichwani, akaanza kazi kabla wenye nyumba hawajageuka ubavu wa pili. Walitaka awapelekee uso gani? Wa harusi?

Na huyu Dada hakuwa dada wa mtu yeyote humo ndani. Alikuwa mfanyakazi wa nyumbani. Lakini wote walimwita Dada, hata Baba Mapacha aliyemzidi miaka tisa, hata majirani, hata mleta gesi. Alikuja kwao wakati Mama Mapacha ana mimba ya miezi sita, miguu imemvimba hata viatu havimwingii, akamwogesha miguu ile kwa maji ya chumvi kila jioni mpaka akajifungua. Sasa mapacha walikuwa darasa la sita. Katika ile nyumba ya kupanga walikotoka, Dada alilala chumba cha watoto, godoro lake chini, katikati ya vitanda viwili. Pacha wa kike alikuwa na pumu. Kifua kilipoanza kumbana, aliyesikia wa kwanza alikuwa Dada, na aliyempa dawa na kumkalisha kitako mpaka pumzi irudi alikuwa Dada. Mama yake alipata habari asubuhi, wakati wa chai.

Siku waliponunua kiwanja, Mama Mapacha alikuja akaketi kwenye ukingo wa lile godoro. "Dada, tunajenga. Na wewe utapata chumba chako mwenyewe. Chako peke yako. Ufunge mlango, uweke vitu vyako, dirisha lako, hakuna mtoto wa kukupiga teke." Maneno yalikuwa hayo, na dirisha lilitajwa. Dada aliyashika kwa miaka minne. Mama wa ghorofa ya juu alipomnong'oneza kwamba anamtaka, na kwamba kwake kazi ni nyepesi na mshahara ni mnono zaidi, Dada alimjibu kwamba ana chumba chake kinajengwa. Alijibu hivyo kwa maringo, kama mwenye kiwanja ni yeye.

Mtaa wenyewe waliohamia ni wa watu wenye kazi zao za maana: mfamasia, watu wa benki, wahadhiri wa chuo, mwanasheria mmoja. Kila mmoja alikuwa amemtafuta msanifu majengo ili ajengewe nyumba isiyofanana na ya jirani, na matokeo yake nyumba zote zikafanana: paa bapa, vioo kuanzia sakafuni, rangi ya kijivu kama saruji ambayo haijakauka. Wao nao walimpata msanifu wao. Kijana wa makamo, suruali inaishia juu ya kifundo cha mguu, miwani nene, daftari jeusi lisilo na mistari. Fundi mkuu wa pale kwenye ujenzi alimwita Bwana Michoro, lakini kwa kisogo.

Bwana huyo alikuja mpaka kwenye ile nyumba ya kupanga akasema anataka kuzungumza na Dada. Watu walishangaa.

"Nyumba nyingi zinaharibika kwa sababu hatumuulizi mtu anayeifanyia kazi," alisema. "Wengine wanapita jikoni. Wewe unaishi jikoni. Niambie."

Dada kichwa kilimvimba, tusidanganyane. Saa mbili nzima mtu mwenye digrii ameketi kwenye kigoda anamsikiliza yeye. Alimweleza yote. Sinki likae mbele ya dirisha, ili mtu akiosha vyombo awaone watoto uani. Jiko lisikae karibu na mlango, upepo unazima moto. Na stoo ya chakula iwe upande wa baridi, iwe na dirisha lenye wavu, kwa sababu unga ukikosa hewa unanuka uvundo, na viazi vikikosa hewa vinachipua na kuoza. "Viazi vinataka kupumua," alisema, na msanifu akacheka kwa furaha, akaandika, akapiga mstari chini yake mara mbili. Dada aliona kwa macho yake.

Kisha akatoa tepu akampima. "Inua mkono, dada yangu. Nyoosha. Sasa inama kidogo, kama unakata kitunguu." Alimpima kutoka sakafuni mpaka kwenye kiwiko, kutoka kwenye kiwiko mpaka begani, na urefu wa hatua yake kutoka kwenye jiko mpaka kwenye sinki. Mshonaji wa gauni la harusi hapimi hivyo.

Hakumuuliza analala vipi. Hakumpima akiwa amelala. Na Dada mwenyewe, kilemba cha ukoka alichovikwa siku ile alikishikilia kwa mikono miwili kisianguke, hata akasahau kusema. Hilo ndilo lililomkata maini kuliko yote baadaye. Aliwaombea viazi dirisha, akajisahau yeye.

Siku ya kuhama aliingia na pazia mkononi. Pazia la manjano, lenye majani madogo, ambalo mdogo wake alimshonea. Mdogo wake huyo ni fundi cherehani, amepanga chumba kimoja upande wa pili kabisa wa jiji. Dada alipita jikoni kwanza, na nusura alie. Kaunta ilimfika kwenye kiwiko barabara. Rafu ya viungo ilikuwa pale pale mkono unapokwenda wenyewe. Alifunga macho, akanyoosha mkono, akagusa mahali pa chumvi. Jiko zima lilikuwa limeshonwa juu ya mwili wake.

"Na chumba changu?"

Mama Mapacha alimfungulia mlango uliokuwa ubavuni mwa pampu ya maji. Hatua mbili na nusu kwenda mbele, hatua mbili kwenda pembeni. Kwenye kona lilishuka bomba nene kutoka bafu la juu. Mtu akivuta maji ya choo huko ghorofani, yanapita yakiunguruma pembeni mwa mto wa kulalia. Kuta nne na taa moja. Dada aligeuka huku, akageuka huku, pazia mkononi. Kwa dakika nzima alidhani kuna kitu hajakiona.

"Unaweza kulitundika hapo ukutani, Dada," alisema Baba Mapacha kutoka mlangoni. "Itapendeza. Mtu atadhani dirisha lipo."

Laiti angekuwa anatania. Alikuwa anasaidia.

Ramani ilikuwa imeachwa juu ya meza ya chakula. Dada anajua kusoma, ingawa humo ndani jambo hilo lilikumbukwa siku za kupeleka orodha sokoni tu. Alipitisha kidole juu ya karatasi. Chumba Kikuu. Chumba cha Watoto A, Chumba cha Watoto B. Chumba cha Wageni, ambacho kilikuwa na bafu lake na madirisha mawili, kwa ajili ya wageni ambao hata hawajulikani ni akina nani. Chumba cha Kusomea. Sehemu ya Viatu. Viatu! Miamvuli iliyolowa nayo ilikuwa na kona yake. Alijitafuta mpaka kidole kikafika upande wa jikoni. Stoo 1, na dirisha lake lenye wavu. Stoo 2.

"Ah, hayo ni majina ya karatasi tu," Mama Mapacha alisema alipomkuta. "Ukiandika chumba cha kulala, manispaa wanataka dirisha la ukubwa fulani. Ukiandika stoo hawasemi kitu. Wasanifu wote wanafanya hivyo. Nenda nyumba yoyote mtaa huu, wasichana wote wanalala stoo namba mbili. Ndivyo kazi inavyofanyika."

Kwa hiyo lilikuwa jambo linalojulikana. Hakuna aliyepitiwa, hakuna aliyesahau. Watu wazima watatu waliketi kwenye meza yenye chai, wakamtazama mtu, wakaandika stoo.

Dada aliomba dirisha. Aliomba kwa adabu, akichagua maneno kama mtu anayechagua mchele. Msanifu akaitwa, akaja, akamtoa Dada nje mpaka barabarani ili amweleze vizuri. Walisimama wakiutazama ukuta wa mbele. Ulikuwa wa mawe ya kuchonga, mita kumi na moja kwa upana, kutoka ardhini mpaka kwenye paa, bila tundu. Nyuma ya mawe yale ndiko kulikokuwa na kitanda cha Dada.

"Unauona ulivyotulia?" msanifu alisema. "Huu ukuta ndio nyumba. Ukiutoboa, umeiua."

"Hata kidirisha kidogo, huko juu?"

"Dada yangu, hata tundu la sindano. Mwezi huu wapiga picha wa jarida wanakuja."

Aliyasema kwa upole, na ule upole ndio uliomchoma. Mtu akikutukana unajua pa kumshika. Huyu aliuma na kupuliza, kisha akashauri anunuliwe feni. Feni ikanunuliwa. Ikawa inalichukua joto la kona hii inalipeleka kona ile, halafu inalirudisha.

Haya, tumerudi asubuhi yenyewe, wiki tatu baada ya kuhama. Walikuwa wamehamia kabla ya kibali, kama wafanyavyo wengi, na sasa mkaguzi wa manispaa alikuwa anakuja kutazama kama nyumba imejengwa sawa na ramani. Bila sahihi yake, nyumba haikuwa halali kukaliwa. Mapacha walikuwa shuleni. Mama Mapacha na mumewe waliomba ruhusa kazini.

Dada alitoa kitanda. Alikitoa vipande vipande, mbao kwanza, kisha sanduku la nguo, kisha kiti cha plastiki alichokuwa anawekea saa na dawa ya meno. Mwisho akaliburuta godoro mpaka uani, akaliegemeza kwenye nguzo ya kamba. Hapo, kwenye mwanga, ndipo alipoona upande wa chini. Kuanzia kichwani mpaka katikati palikuwa na ukungu wa kijani, umetapakaa kama rangi. Lile bomba la kwenye kona lilikuwa linatoa jasho, na godoro limelinyonya. Wiki tatu tu. Kumbe kile kikohozi cha asubuhi hakikuwa vumbi la ujenzi kama alivyoambiwa.

Alisimama akalitazama. Kisha akarudi ndani akaingiza ndoo, mifagio, makopo na ngazi, akapanga vizuri kabisa, kwa sababu hata akiwa na hasira mikono yake haikujua kupanga vibaya. Alipomaliza chumba kilipendeza. Kilikuwa kimepata watu wake.

Mkaguzi alikuwa mama mmoja wa makamo, viatu vya kutembelea, faili kwapani na kalamu imechomekwa kwenye nywele. Msanifu alikuja naye mguu kwa mguu, akieleza nuru na kivuli. Mkaguzi hakuwa na habari na nuru wala kivuli. Alipima ngazi, akatikisa vyuma vya kushikia, akafungua bomba akahesabu maji ya moto yanachukua muda gani kuja. Alikuwa mtu wa kazi. Baba Mapacha alimpa juisi akaiacha mezani.

Wakafika jikoni. Dada alikuwa amesimama karibu na sinki, mikono imeshikana mbele kama mtu aliye kwenye foleni ya kituo cha polisi.

Mkaguzi alifungua mlango wa ubavuni mwa pampu. Akaona ndoo, akaona ngazi. "Stoo mbili," alisema, akatia alama ya vyema. Mama Mapacha alishusha pumzi. Dada alikuwa amejiambia kwamba hatasema kitu. Siku ipite, kitanda kirudi, aanze upya kuomba taratibu, labda mwakani.

Kisha mkaguzi akafungua Stoo 1. Alisimama kidogo, akatazama magunia ya unga na kapu la viazi, akatazama dirisha, akapitisha kidole kwenye wavu.

"Hapa mmefanya vizuri," alisema. "Wengi wanasahau kwamba chakula kinahitaji hewa."

"Sisi tunafikiria kila kitu," msanifu alijibu, uso umekunjuka kwa furaha. "Viazi navyo vinataka kupumua."

Alilisema neno la Dada, mbele ya Dada, kama la kwake. Na hapo ndipo uvumilivu wa miaka kumi na miwili ulipokatika.

"Na mimi je?"

Wote waligeuka. Sauti yenyewe haikuwa kubwa.

"Nauliza na mimi je. Viazi vinapumua. Mimi ninapumua na nini?"

"Dada," alisema Mama Mapacha, kwa ile sauti ya kumtahadharisha mtoto mbele ya wageni.

"Usiniite. Mkaguzi, umetia vyema mahali pasipo pake. Hiyo ya ndoo siyo stoo. Humo ndimo ninamolala mimi. Kitanda changu kiko uani nyuma ya nguo, wamenitoa nacho asubuhi hii. Nimeambiwa nikwambie ninakuja asubuhi ninaondoka jioni. Ninaondoka kwenda wapi? Nimewalelea watoto wao toka wakiwa tumboni!"

"Amechoka," Baba Mapacha alimwambia mkaguzi, akijaribu kucheka. "Kuhama kumetuchosha wote."

"Sijachoka! Nina hasira! Hivi ni vitu viwili, na leo mtavitofautisha!" Sasa sauti ilikuwa imepanda, na mikono iliyokuwa imeshikana ilikuwa imeachana. Alimgeukia msanifu. "Na wewe. Umenipima kiwiko. Umenipima bega, umenipima na hatua. Mtu mzima nimeinama mbele yako nakata kitunguu cha hewani ili upate kaunta nzuri. Hukuona kwamba mwili huo huo unalala? Au ulidhani jioni wananitundika kwenye msumari pamoja na aproni?"

Msanifu akatazama daftari lake.

Mkaguzi hakumpoza mtu wala kumwonea mtu huruma. Aliuliza tu, "Kitanda kiko wapi?" Akatoka uani. Akainua shuka, akalitazama godoro, akaugusa ule ukungu kwa ncha ya kalamu. Akarudi, akatoa ndoo mbili na ngazi kwa mkono wake mwenyewe, akaingia, akaweka kiganja ukutani karibu na bomba. Kiganja kilitoka kimelowa. Akajipangusa kwenye sketi, akaandika, akisoma kwa sauti anavyoandika:

"Sehemu iliyoandikwa Stoo 2 inatumika kama chumba cha kulala. Haina dirisha. Ina unyevu. Lifunguliwe dirisha la kipimo kinachotakiwa, au asilale mtu humo. Kibali kimezuiwa mpaka nitakaporudi, wiki mbili." Akachana karatasi moja, akampa Baba Mapacha. Kwa Dada akasema, "Hilo godoro usililalie tena, mwenzangu," akaenda zake.

Mlango ulifungwa. Moyo wa Dada ulikuwa mwepesi. Lilikuwa limekwisha kusemwa, na limeandikwa kwenye karatasi ya manispaa. Lifunguliwe dirisha. Alitazama wale watatu akingoja mmoja wao aseme lini fundi anaitwa.

Msanifu alikuwa wa kwanza kupata ulimi. Aliichukua karatasi kutoka kwa Baba Mapacha, akaisoma, na rangi ikamrudia usoni.

"Mbona si jambo kubwa," alisema. "Ametoa njia mbili. Hii ya pili haigusi ukuta."

Baba Mapacha alimtazama mkewe. Mama Mapacha alitazama kaunta, akaanza kuipangusa kwa kiganja, ingawa hapakuwa na hata chembe.

"Dada," alisema hatimaye. "Mdogo wako si ana chumba? Yule wa cherehani?"

Dada alimtazama.

"Nasema tu... ungekuwa unalala kule. Unakuja asubuhi, unaondoka jioni. Kazi ni ile ile, hatukufukuzi. Wafanyakazi wengi siku hizi ndivyo wanavyopenda, wanakuwa na uhuru wao."

"Kwa mdogo wangu ni mabasi mawili na mguu."

"Basi uje saa mbili. Hata saa mbili na nusu."

"Na mtoto akibanwa kifua?"

"Wameshakuwa wakubwa, Dada. Tutamfundisha ajitilie dawa mwenyewe."

Kwa hiyo ule uongo aliofundishwa asubuhi kumwambia mkaguzi, sasa ndio uliokuwa unageuzwa maisha yake. Wangeweza kuita mafundi wawili na tindo, kazi ya siku tatu. Walikuwa na wiki mbili. Walikuwa na msanifu pale pale, kalamu mkononi. Na hakuna hata mmoja aliyesema hebu tufikirie dirisha. Hata kwa kujitia tu, hata kwa kumpumbaza, hakuna.

"Mmeshachagua, basi," Dada alisema.

"Nani kachagua? Usitie chumvi," Baba Mapacha alisema. "Tunatafuta suluhu ya wote."

"Ukuta na mimi. Mmepima, mmeona ukuta ni mzito. Sawa."

"Ukuta ule umegharimu—"

"Usinitajie! Sitaki kujua mawe yamekula nini. Mimi nimekula ukungu."

Alitoka akaenda uani. Hakukiunganisha kitanda, kilikuwa chao. Aliliondoa shuka lililokuwa limekifunika, maana nalo lilikuwa la nyumba hiyo, akalikunja kwa pembe nne na kuliweka juu ya mbao. Vitu vyake vyote viliingia sandukuni na nafasi ikabaki. Aliporudi jikoni na sanduku mkononi, msanifu alikuwa amekwisha kuaga, na Mama Mapacha alikuwa na machozi, na machozi yale yalimpandisha Dada hasira upya, maana ni rahisi mtu kulia kuliko kuita fundi.

"Watoto wanarudi saa tisa," Mama Mapacha alisema. "Watakuuliza. Mwanangu atalia mpaka kifua kimbane. Unataka niwaambie nini?"

Lilimpata. Lilimwingia mpaka ndani, na Mama Mapacha alijua linaingia wapi, ndiyo maana alilitoa. Dada alishika ukingo wa kaunta. Aliwaona wote wawili wakitupa mikoba mlangoni, wakiita jina lile moja. Kwa kitambo alitaka kukaa kitako, kusema haya, mabasi mawili na mguu, yataisha.

"Waambie ukweli," alisema. "Waambie ukuta ulikuwa mzuri sana."

Mama Mapacha alifunika uso.

"Dawa ya mtoto iko kwenye droo ya kwanza, ya akiba iko kwenye mkoba wake wa shule, mfuko wa pembeni. Asipewe maziwa ya baridi. Na niandikie barua. Mtu mwingine akitaka kuniajiri ajue nilikuwa wapi."

Mama Mapacha aliinamia kaunta akaandika, akipenga kamasi, kwa mwandiko wake mzuri wa ofisini. Aliandika ukurasa mzima. Dada aliupokea akausoma palepale, amesimama, polepole, midomo ikitikisika. Ilisema kwamba mchukuaji wa barua hii ni mwaminifu, msafi, hodari wa mapishi. Kwamba ameishi nao miaka kumi na miwili. Kwamba katika muda huo wote hakuwa mfanyakazi, bali amekuwa kama mmoja wa familia yetu.

Aliirudisha juu ya kaunta, akaweka kidole.

"Hili futa."

"Lipi?"

"Hili la familia."

"Dada, jamani. Hilo ndilo zuri kuliko yote humo. Nimeliandika kwa moyo wangu wote. Hilo ndilo litakalokupatia kazi."

"Futa. Andika nilikuwa mfanyakazi, miaka kumi na miwili. Andika napika, nafua, nalea, najua kumhudumia mtoto mwenye pumu. Hayo nimeyafanya, hakuna wa kunibishia. Hilo lingine mlitakiwa kulifanya ninyi."

Mama Mapacha alichukua kalamu, akapitisha mstari juu ya yale maneno, mstari mwembamba ambao mtu bado angeweza kusoma chini yake.

"Si hivyo," Dada alisema. "Andika upya."

Mama Mapacha akavuta karatasi nyingine. Dada alisimama palepale, sanduku miguuni, mpaka akaimaliza.